Leseni ya Kuvuta Tela

Habari za kifo cha Anselmi zilinifika siku nne baada ya kuzikwa kwake, tena kwa bahati tu. Fundi aliyekuja kwangu Temeke kuziba bomba la uani alikuwa ananiomba radhi kwamba kesho yake angechelewa, maana huko kwao Kiwalani kulikuwa na msiba wa dereva mmoja wa zamani, mzee wa Kimakonde, ambaye ujanani alikuwa akivuta matela. Nikamwuliza jina. Alipolitaja niliweka chini ndoo niliyoishika, nikamwambia aendelee na kazi yake, nikaingia chumbani nikakaa kitandani. Kifo chenyewe niliweza kukimeza, kwa kuwa sote tumeshafika umri huo. Kilichonikwama kooni ni Kiwalani. Fundi alisema mzee yule alihamia kwa binti yake miaka sita iliyopita. Miaka sita, na mie nipo hapa hapa, mwendo ambao hata magoti yangu haya mabovu yangeuweza kwa asubuhi moja, na siku zote hizo nikimwazia Newala, chini ya mikorosho yake, kama yu hai.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu nilipofanya naye kazi, na tulifanya kazi pamoja mwaka mmoja tu, haukutimia hata. Ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Kila anayeukumbuka atajua ninachosema: ugali wenye rangi ya kiini cha yai, ambao watoto waliukataa na watu wazima waliula kimya kimya, na sukari ya foleni, na redioni asubuhi habari za watu kuhamia vijiji vipya. Mie nilikuwa karani wa ushirika wa wafyatua matofali ya saruji, hapa hapa Temeke. Ofisi yetu ilikuwa chumba cha mbele katika nyumba ya makuti, na ukuta uliotutenga na chumba cha kamati haukufika juu. Mie huku napiga taipu, wao kule wanajadiliana, na kila neno linaruka ukuta kuja kwangu pamoja na harufu ya kahawa na moshi wa sigara. Yote niliyoyajua kuhusu ushirika ule, mazuri na mabaya, niliyasikia hivyo, vidole vikiwa juu ya mashine.

Ushirika ulikuwa na pikapu moja kuukuu ya kijani, na tela la magurudumu manne tulilolipata kutoka shamba moja la mkonge. Dereva alikuwa Anselmi. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mtu wa Newala, Mkatoliki, mrefu, mwenye chale mbili kila upande wa uso na sauti ya chini ambayo ilikubidi uache kufanya jambo jingine ili uisikie. Alikuwa akivuta matela tangu mashamba ya mkonge, miaka kumi hivi, wala hakuna mtu aliyewahi kumwuliza kwa ruhusa gani. Alikuwa na leseni ya gari dogo. Kwake yeye, na kwetu sote, gari ni gari, na kinachofungwa nyuma yake ni mzigo kama mzigo mwingine.

Asubuhi moja akaja koplo wa trafiki. Alikuwa mtu mfupi, nadhifu, mwenye kitabu kidogo alichokifunga kwa karatasi ya nailoni kisilowe jasho. Alilizunguka tela mara tatu bila kusema kitu, akainama kutazama chini yake, akalitikisa lile fundo la chuma linaloungana na pikapu. Kisha akaja ofisini, akakataa chai, akatueleza kwa upole kama mwalimu. Alisema sheria ya barabarani ilikuwa imebadilika. Tela nalo ni chombo, lazima lisajiliwe na liwe na kibao chake cha namba. Likiwa dogo linaweza kuvutwa na mwenye leseni ya kawaida, lakini likifika uzito wa hili letu, dereva lazima awe amefanyiwa mtihani wa tela na leseni yake igongwe muhuri wa daraja hilo. Tena tela zito sharti liwe na breki zake lenyewe, kwa sababu gari dogo linaweza kulivuta jiwe kubwa lakini haliwezi kulizuia. Liwe na mnyororo wa pili, iwapo fundo litakatika. Liwe na viakisi vyekundu nyuma. Asipande mtu juu yake. Akatuandikia karatasi: tela lisitoke uani mpaka yote hayo yatimie. Mtihani wa Anselmi ukapangwa baada ya wiki saba.

Nilisikia kilichofuata kupitia juu ya ukuta. Mwenyekiti wetu, Ndugu Mwinyimkuu, aliuliza kama koplo yule hawezi kuzungumzika. Mtu mmoja akajibu kwamba amekataa hata chai, seuze kuzungumza. Wakakubaliana breki zitengenezwe na fundi wa Keko, ingawa vipuri vingesubiriwa, na tofali zipelekwe kidogo kidogo na pikapu peke yake. Zilikuwa tofali za zahanati ya uzazi ya Kiwalani, nyumba ambayo akina mama wa kule walikuwa wamechimba msingi wake kwa mikono yao ili wasije tena kujifungulia njiani. Mwashi alishaanza kulalamika. Na mvua za masika zilikuwa karibu. Ndipo mjumbe mmoja akasema Anselmi hatafaulu mtihani huo, maana kusoma kwake ni kwa kuhesabu herufi. Mwenyekiti akasema, basi karani amfundishe.

Hivyo ndivyo nilivyopewa saa ya mchana ya Anselmi. Ofisini palikuwa na joto na watu, tukawa tunakaa ndani ya pikapu iliyoegeshwa uani, milango yote miwili wazi, kitabu cha sheria kikiwa katikati yetu juu ya kiti. Mama Hadija aliyepika kwa wafanyakazi alituletea sahani moja ya ugali wa njano na dagaa au kisamvu, na kwa kuwa hatukuwa na mahali pa kuweka sahani mbili, tulikula pamoja. Sikuzoea kula sahani moja na mwanamume asiye ndugu yangu. Siku ya kwanza nilitazama nje ya dirisha muda wote nikitafuna. Siku ya kumi nilikuwa nikimsukumia kichwa cha dagaa kwa kuwa nilijua anakipenda.

Alikuwa akienda madarasa ya elimu ya watu wazima, kwa hiyo hakuwa mjinga wa herufi kama walivyodhani. Alikuwa mwoga wa herufi. Akiona aya ndefu alijifuta mikono kwenye suruali kama mtu anayeitwa mbele ya hakimu. Nikaacha kumsomesha kitabu, nikawa namwuliza maswali, yeye anajibu kutokana na kazi yake, kisha namwonyesha kwamba alichokisema ndicho kilichoandikwa. Kwa nini mwendo wa gari lenye tela uwe mdogo kuliko wa gari tupu? Alinisimulia tela moja la mkonge lililoanza kuyumba kama mkia wa mjusi. Kwa nini mzigo usirundikwe nyuma ya ekseli? Akaweka kijiti juu ya kidole, akakipima. Alipogundua kwamba kitabu kinasema mambo anayoyajua, uso wake ulibadilika, akakichukua mikononi mwangu akasoma mstari mzima mwenyewe, polepole, kwa sauti ile ya chini. Hata sasa nikisikia mtu akisoma jambo kavu kabisa, tangazo la mkutano au maelezo ya dawa, kuna wakati naisikia sauti ile.

Naye akasema si haki mie nimfundishe bure. Nusu ya saa yetu ikawa ya kwake: akanifundisha kuendesha. Tulianza kama mchezo, mle mle uani, wafyatuaji wakituangalia na kucheka. Baada ya wiki tatu nilikuwa naipeleka pikapu mpaka barabara ya lami na kuirudisha. Kisha akaliunga tela, tupu, akanifundisha kurudi nyuma nalo, jambo ambalo limewatoa machozi wanaume wengi kuliko ndoa. Ukitaka tela lielekee kushoto unakata usukani kulia, halafu kabla halijapinda kupita kiasi unalifuata. Nilishindwa, nikashindwa tena. Tela likajikunja kama anayegeuka kukutazama usoni. Anselmi hakuwahi kunyang'anya usukani. Alisimama nje, upande wangu, mkono juu ya ukingo wa dirisha, akasema, "Usishindane nalo, Tabu. Liache likosee kidogo, halafu lirekebishe kidogo."

Alikuwa ameanza kuniita Tabu, jina langu. Wengine wote waliniita Karani.

Nimeolewa, nimezaa, nimezika mume mwema, na sitasema neno la kumpunguzia marehemu mume wangu. Lakini sijawahi tena kuwa na hamu ya saa sita mchana kama niliyokuwa nayo mwaka ule. Anselmi hakunigusa hata kidole. Hakuna kilichosemwa. Mie Mzaramo na Mwislamu, yeye Mmakonde na Mkatoliki, na huenda hata isingekuwa hivyo bado kisingesemwa kitu, maana sie wawili tulikuwa waoga, kila mtu kwa namna yake. Nilikuwa nahesabu siku za mtihani kama yeye, ila yeye alizihesabu kwa kutaka zifike. Mie nilijua kwamba akifaulu, saa ile ya mchana itakwisha, atakuwa barabarani kutwa na mie nitarudi kula kwenye meza ya taipu.

Jumatatu ya wiki ya mtihani, mawingu yalikuwa yamekaa chini tangu alfajiri. Mwashi wa Kiwalani alikuja mwenyewe ofisini, ameloa jasho, akasema amebakiza mistari minne ya tofali tu afike usawa wa paa, na mvua ikimkuta kabla hajaezeka, kuta zile zilizounganishwa kwa udongo na saruji haba zitaliwa. Nikasikia kamati ikizungumza kwa sauti za chini, jambo ambalo halikuwa kawaida yao. Tela lilikuwa na namba tayari, na mnyororo, na viakisi. Breki ndizo zilikuwa bado kwa fundi. Mtu akasema ukivuka barabara ya Pugu na kuingia Vingunguti, hukutani na trafiki mpaka Kiwalani. Safari moja tu, tela zima, kisha basi.

Walimwita Anselmi wakamweleza. Alikataa. Nilimsikia akisema kwamba tela lile likijaa ni zito kuliko gari, na kwamba yeye sasa anaijua sheria na sababu yake. Mwenyekiti akamwambia afikirie akina mama wa Kiwalani. Anselmi akatoka, akaja mlangoni kwangu, akasimama na kofia mkononi.

"Wewe unasemaje?" akaniuliza.

Nimeishi na swali hilo muda mrefu kuliko nilivyoishi na mtu yeyote. Kitabu kilikuwa juu ya meza yangu. Ukurasa wa breki niliujua kwa moyo, mie ndiye niliyemfundisha. Nilifikiria zahanati, ni kweli nilifikiria. Lakini mbele ya zahanati niliona safari: Vingunguti mpaka Kiwalani, tumekaa wawili ndani ya pikapu, tena safari ya kweli badala ya kuzunguka uani, labda ya mwisho kabla ya mtihani wake wa Alhamisi. Nikamwambia, "Twende. Polepole. Nitakuja nawe nikusainie mzigo kule."

Akanitazama kidogo, akavaa kofia.

Tulivuka barabara ya Pugu salama. Hakusema mengi, aliendesha kwa gia ya pili, na nilikuwa na furaha ambayo mpaka leo naionea aibu. Nilinunua mihogo ya kukaanga njiani, nikawa namwekea vipande kiganjani bila yeye kuondoa macho barabarani. Vingunguti tulipita karibu na machinjio, mahali wachuuzi wa utumbo wanapopanga mabeseni yao kando ya njia, kunguru juu, nzi chini. Baada ya pale njia inateremka kwenda bondeni. Mvua ilikuwa imeanza, matone mazito machache, na ule udongo mwekundu ulishapata utelezi. Anselmi alikanyaga breki mapema, kama inavyotakiwa. Pikapu ikatii. Tela halikutii.

Nililisikia kabla ya kuelewa: msukumo mgongoni, kama mtu anayekuharakisha kwenye foleni. Magurudumu yetu yamefungwa na bado tunakwenda. Mbele chini kabisa ya mteremko palikuwa na watu wamejikinga mvua chini ya bati la mwuza supu. Anselmi alikata usukani kuelekea ukingo wa udongo upande wa kulia, kwa makusudi, na tela likaja kutuzunguka, likapinduka, na tofali zikamwagika kwa mlio ambao sijausikia tena. Sie tulibaki wima. Hakufa mtu. Lakini mchuuzi mmoja wa utumbo, Mzee Shomari, aliyekuwa akikimbia na beseni lake, tofali zilimpata, akavunjika mguu sehemu mbili. Anselmi alilifungua tela, akambeba mikononi kama mtoto, akamlaza kwenye kiti changu, na mie nikapanda nyuma kwenye mvua.

Aliyekuja kuandika maelezo hospitalini alikuwa koplo yule yule. Hakupiga kelele. Aliuliza nani aliyeamua tela litoke bila breki. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao, gauni limenishika mwilini kwa mvua na matope. Anselmi akajibu kwamba aliamua mwenyewe, na kwamba karani aliomba lifti tu, hajui mambo ya magari. Koplo akanigeukia akaniuliza kama ndivyo. Nikatikisa kichwa kukubali. Sikusema hata neno, kichwa tu. Kamati nayo ilisema hivyo hivyo siku ya pili, kwa maneno mengi zaidi.

Mahakama ilimnyang'anya leseni, na ushirika ukamwachisha kazi. Mzee Shomari alitembea kwa mkongojo tangu hapo. Nilikwenda kumwona mara nyingi, nikampelekea samaki na machungwa, naye hakuwahi kujua kwa nini yule msichana karani ana huruma hivyo.

Wiki chache baadaye nilikwenda Kiwalani chumbani kwa Anselmi, mara ya kwanza na ya mwisho. Palikuwa na kitanda cha kamba, rozari kwenye msumari, na sanduku lililokwisha kufungwa. Alikuwa anarudi Newala. Kule walikuwa wanagawa viwanja katika kijiji kipya na alipata neno kwamba kuna nafasi. Jirani yake alikuwa amechemsha ming'oko, mizizi ya porini ya kwao, tukala kwa chai kavu. Nilitaka kumwomba radhi. Nilianza mara mbili, na mara zote mbili aliniongezea chai. Mwishowe akasema mtihani unafanyika tena mwisho wa mwezi, na nafasi ya ushirika bado ipo kwa kuwa kamati ilikuwa haijaifuta.

"Nenda wewe," akasema. "Hakuna swali usilolijua."

Nikamwambia hawatampa mwanamke daraja la tela. Akasema kitabu hakisemi hivyo, ameshakisoma chote.

Nilikwenda. Mtahini alidhani nimemletea mtu chakula. Aliniuliza maswali ya sheria kwa dakika kumi, akaacha kutabasamu, kisha akanipeleka kwenye tela na mapipa yaliyopangwa ya kurudi nyuma katikati yake. Niliingia kinyumenyume kati ya mapipa mara ya kwanza, bila kuligusa hata moja. Nikagongewa muhuri. Breki zilikuwa zimefika, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine mwenye daraja hilo, Ndugu Mwinyimkuu akanikabidhi funguo bila kunitazama machoni. Mie ndiye niliyepeleka tofali za mwisho za zahanati ya Kiwalani. Miaka minne baadaye nikajifungua humo mtoto wangu wa kwanza. Nimevuta matela kwa miaka ishirini na sita, pikapu kwanza, baadaye malori, na sikuwahi kutoka uani bila kuinama kutazama breki kwa macho yangu. Watu walinisifu kwa uangalifu.

Siku ya tano ya msiba nilivaa kanga, nikaenda. Binti yake, Koleta, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini kama ya baba yake, aliniamkia shikamoo na kunikaribisha mkekani kwa mama yake. Mjane anaitwa Paskalina, mdogo kwangu kidogo, mtu wa Newala vilevile. Nikampa pole. Nikamwambia nilifanya kazi na marehemu zamani, kwenye ushirika wa matofali.

"Kumbe wewe ndiye karani," akasema.

Nikamwuliza kama marehemu alinitaja. Akafikiri. Akasema ndiyo, alisema palikuwa na karani aliyemwondolea woga wa kusoma, ndiyo maana kule kijijini yeye ndiye aliyewasomea watu barua. Basi. Nikasubiri kingine, hakikuja.

Wakatuletea wali na maharage. Watu wengine walikuwa nje, na nikaona kwamba nisiposema pale sitasema tena duniani. Nikamweleza. Habari ya breki, na kamati, na mlango wa ofisi, na kofia mkononi. Nikamwambia kwamba mumewe alikataa, kwamba mie ndiye niliyesema twende, na kwamba nilisema hivyo kwa kupenda kukaa naye garini. Na hospitalini nilitikisa kichwa, akapoteza kazi yake na jina lake.

Paskalina alikuwa anaokota punje za wali zilizoanguka mkekani, moja moja. Nilitegemea anifukuze. Nadhani nilitaka anifukuze.

"Miye nilimwona mara ya kwanza akishuka na sanduku lake, wanagawa viwanja," akasema mwishowe. "Kiwanja chake kilipakana na cha baba yangu. Angebaki na leseni yake, dada, Newala angefuata nini?" Akazikusanya zile punje kiganjani. "Miaka arobaini na mitatu nimelala naye nyumba moja. Watoto watano. Sasa unaniomba nikusamehe kitu gani?"

Akanisogezea sahani, akaniambia chakula kinapoa. Nikala, na yeye akanisubiri mpaka nikamaliza.